Pudini ya Mkate na Michembe ya Mayu

Wewe uliyeoa Usukumani utanielewa hata nisipomaliza sentensi. Mama Kulwa alipotangaza kwamba Jumapili tunakula pudini baridi ya mkate, nilijua mpishi ni mimi, yeye atasimamia. Hapa nyumbani tunamwita Meneja wa Mgodi.

Kazi yenyewe haina makuu. Slesi unazitoa kingo, unazipanga bakulini, unazilowesha kwa maziwa yenye sukari na iliki, unamwagia kastadi juu, kisha friji inamalizia. Ila unga wa kastadi ukoroge kwanza na maziwa ya baridi; ukiutupa kwenye yanayochemka unavuna mabonge. Kingo waligombania Kulwa na Doto, na kesi ya mapacha hata hakimu wa wilaya angeikimbia.

Shemeji yangu Karasha, jina alilolipata kwa jinsi anavyosaga kila kinachofika mezani, alikuwa ametoka machimboni Nyarugusu kusubiri duara, shimo lao la dhahabu, likauke maji. Akajitolea kutwanga karanga za kunyunyizia. Anatwanga, anaonja, anatwanga, anaonja, mpaka zikabaki za kijiko. Akahamia kwenye sufuria ya kastadi, akaikwangua kwa kidole kama mchanga uliokwisha kuchenjuliwa.

"Marudio haya, shemeji, bado yana mali."

Sasa friji. Rafu zote zilikuwa za sato wa Nkome ambao Mayu, mama mkwe wangu, alipanga kurudi nao Shinyanga, na kuhamisha samaki wa mama mkwe ni kujitafutia talaka. Nikaibana pudini kwenye droo ya mboga. Saa saba mchana umeme ukakatika. Hapo dawa ni kutofungua mlango, ubaridi usitoroke. Mayu akawa anafungua kila akiwakumbuka sato wake.

Jioni kastadi ilikuwa bado inacheza bakulini. Mayu akachungulia, akaniangalia kwa huruma.

"Baba Kulwa, nani kaharibu maziwa kwa mikate?"

Mkwe hajibiwi. Akafungua mfuko wake, akatoa michembe, viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kuanikwa juani, akaichemsha hadi ikalainika, akaimimina yote kwenye pudini yangu bila kuuliza. Mapacha, ambao kwa mboga za majani hufumba midomo, wakakaa miguuni pake kama vifaranga. Karasha akachimba duara katikati ya bakuli, akashuka nalo hadi chini.

"Baba Kulwa," Meneja akauliza huku anaramba kijiko, "leo umeongeza nini?"

Mayu ndiye aliyejibu: siku nyingine nisiweke mkate.