Viti, Baki na Mchina

Hela ya korosho ikishaingia, kati ya Nachingwea na Ruangwa hakuna Jumamosi inayopita bila harusi, na hakuna harusi bila viti vya plastiki vya kukodi. Kamati ikikaa, wenye sauti hujigawia nyama na soda. Mimi huachiwa viti, eti "wewe hesabu unazijua".

Safari hii viti vililetwa Nachingwea kwa kenta kutoka Ruangwa, na vilipokuwa vinashushwa hakuna aliyeandika kitu. Harusi ikaisha usiku wa manane. Kila nikifika sitini na kitu nasikia, "Shemeji, hili sufuria la nani?" Naanza upya.

Mpwa wangu anayesoma chuo Dar akanionea huruma. "Mjomba, usihesabu. Vipange vitatu vitatu, uniambie vinabaki vingapi."

Vikabaki viwili. Tukapanga vitano vitano, vikabaki vitatu. Saba saba, viwili. Yaani kukwepa kuhesabu mara moja, tumepanga viti mara tatu, na mgongo ni wangu.

Kijana akaeleza kwamba hiyo ni kanuni ya baki ya Wachina. Swali lenyewe, kwa baki hizohizo, limo katika kitabu cha Sunzi cha kati ya karne ya 3 na ya 5 (si yule Sunzi wa vita, akaniwahi). Baki ya tatu unazidisha kwa 70, ya tano kwa 21, ya saba kwa 15. Yetu ikaja 140, 63 na 30, jumla 233. Toa 105 mpaka isitoleke tena, unabaki na 23. Hizo 105 ni tatu mara tano mara saba, na kanuni inataka vigawanyo visivyochangia kigawanyo kingine zaidi ya moja. Mwaka 1247 Qin Jiushao akaandika njia kamili. Huko Ulaya Gauss naye akaieleza mwaka 1801.

"Mbona viti ni vingi kuliko 23?"

"Ongeza 105, Mjomba. Ni 128."

Akanogewa, akaleta na ngano ya jemadari Han Xin aliyehesabu askari kwa kuwapanga mistari. Nachingwea hatujaanza jana na Wachina: kambi ya FRELIMO hapa ilikuwa na wakufunzi wa Kichina kabla Msumbiji haijapata uhuru mwaka 1975. Kama wapiganaji wa Samora Machel walihesabiwa kwa baki, hakuna aliyenisimulia. Nadhani waliitwa majina, kama watu wenye kazi ya kufanya.

Asubuhi akafika mwenye viti (si mwenyekiti, huyo alishakwenda kulala). Kijana akamweleza kanuni yote kwa heshima, mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ukiongeza tena hiyo mia na tano?"

"Inakuja 233, Mzee. Baki ni zilezile."

"Basi ndivyo nilivyoleta. Nilipeni vya 233."

Kijana akaangalia simu yake. Miaka zaidi ya elfu moja na mia tano kanuni imesimama, na kwa kweli haina kosa: ukishajua kwamba idadi haifiki 105, inakupa jibu moja tu. Ila kujua hilo si kazi ya Sunzi. Ni kazi ya mtu mwenye daftari na kalamu kando ya kenta.

Tukahesabu kimoja kimoja, mwenye viti akisimamia, jua la saa nne likituchoma utosi. Vikawa 128. Mpwa wangu akatabasamu kana kwamba yeye ndiye aliyeinama. Mzee akakubali, kisha akadai fidia ya kimoja kilichovunjika mguu, ambacho anaapa kilikuwa kizima Ruangwa. Kamati ikalipa.

Kamati za msimu ujao, nawaomba: viti vikishushwa, andikeni idadi palepale, mwenye navyo atie sahihi. Na kazi ya kuhesabu mpeni wa nyama na soda.