Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Muhuri

Mheshimiwa Muhuri,

Popote ulipo: juu ya meza, ndani ya droo iliyofungwa, au mkobani mwa bosi aliyesafiri kikazi akaondoka na wewe.

YAH: OMBI LA KUTHIBITISHIWA KUWA MIMI NI MIMI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni Mtanzania, naishi Leicester, Uingereza, kazi yangu ni kutunza wazee, na nina kiwanja kimoja mkoa wa Pwani. Kiwanja kimepimwa, bikoni zipo, malipo yamekamilika, na hati yake imeshatoka. Imelala kwenye kabati la ofisi ya ardhi ambayo sitaitaja, maana hati bado sijaipata na mwenye shida haanzi kwa maneno makali. Haja yangu ni ndogo: mdogo wangu aende dirishani, asaini daftari, aichukue. Alipofika akaambiwa alete hati ya uwakilishi, iliyosainiwa na kuthibitishwa huku huku niliko. Ndipo nikaanza kukufahamu kwa undani, Mheshimiwa, undani ambao sikuwahi kuutamani.

Nitangulize kusema kwamba sikudharau. Nimezaliwa katika nchi ambayo barua ya mwenyekiti wa mtaa bila wewe ni karatasi ya kufungia karanga, na ukishagongwa wewe inakuwa serikali. Nimemwona mwenyekiti mmoja akikuweka mfuko wa shati, upande wa moyo, hata msibani. Heshima yako naijua.

Lakini nilikuwa sijajua kwamba huku Uingereza unavaa joho. Kwetu, wakili yeyote mwenye leseni hai hukugonga kati ya kesi na chai. Hapa haitoshi kuwa mwanasheria. Mthibitishaji wa nyaraka anateuliwa na Mahakama ya Faculties, ambayo ni mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Sitanii. Zamani wathibitishaji wa Uingereza walipata mamlaka yao kwa Papa wa Roma. Mfalme Henry wa Nane akagombana na Papa kwa sababu alitaka kuachana na mkewe, Catherine of Aragon, na kwa sheria ya mwaka 1533 Bunge lake likaikabidhi kazi hiyo kwa Askofu Mkuu. Iko huko mpaka leo. Sasa nitazame mimi: Mwislamu, asili yangu Rufiji, mdogo wangu anaadhini msikitini kila alfajiri, tunafuatilia hati ya kiwanja chenye mikorosho mitatu, na kumbe mlango wa kuingilia ni talaka ya mfalme wa Kiingereza.

Mama nilimweleza kwa simu. Akatulia kidogo, kisha akauliza, "Na huyo askofu naye anataka sehemu ya kiwanja?"

Nikamwambia hapana mama, huyu anataka paundi.

Nimtendee haki mthibitishaji mwenyewe, kwani alikuwa mzee muungwana. Alitazama pasipoti yangu, akatazama bili yangu ya umeme, akanitazama mimi. Kisha akauliza kama naelewa ninachosaini, na kama nasaini kwa hiari yangu au kuna mtu ananilazimisha. Mheshimiwa, naomba swali hilo liingie kwenye kumbukumbu, kwa sababu katika mlolongo wote huu ni yeye peke yake aliyeuliza jambo linalonihusu. Akachukua sindano na utepe wa kijani, akazishona karatasi, akabandika duara jekundu juu ya ncha za utepe, akakuweka chini ya chuma akakandamiza. Ukatokeza bila wino, unapapaswa kwa kidole. Niliona aibu kuikunja. Bei yake pia ilikuwa ya kuonea aibu, kwa sababu huku hakuna sheria inayomwekea kikomo cha ada. New York, kwa kulinganisha, sheria inamruhusu mthibitishaji atoze dola 2 kwa sahihi, na huko unampata benki au duka la kutuma vifurushi. Lakini ndugu zangu wa New York wasinicheke. Wao baada ya hapo wanakwenda kwa karani wa kaunti, kisha serikali ya jimbo, kisha Wizara ya Mambo ya Nje Washington, ndipo waombe kuonana na ubalozi.

Maana hapo, kumbe, safari yako ndiyo inaanza. Karatasi yangu ilipelekwa Milton Keynes, kwenye ofisi ya serikali ya Uingereza inayolinganisha sahihi ya mthibitishaji na ile waliyonayo kwenye mafaili. Ikarudi na cheti kiitwacho apostili. Na kwenye cheti hicho, Mheshimiwa, kwa maandishi yanayosomeka vizuri kabisa, imeelezwa kwamba kinathibitisha sahihi, wadhifa wa aliyesaini na muhuri uliopo, na kwamba hakithibitishi yaliyomo ndani ya waraka. Ningeweza kuwa nimeandika humo shairi la kumsifu nyanya yangu. Milton Keynes wangegonga.

Kwa kuwa nchi yetu haitambui cheti hicho peke yake, karatasi ikasogea mbele, ikagongwa tena kuthibitisha ofisi iliyomthibitisha mthibitishaji. Hapo nikaelewa unavyofanya kazi. Mimi ulinithibitisha mara moja tu, mwanzoni, mbele ya yule mzee. Tangu hapo umekuwa ukijithibitisha mwenyewe. Wa pili unamdhamini wa kwanza, wa tatu unamdhamini wa pili, na kadiri mnavyoongezeka ndivyo mimi mwenye kiwanja ninavyozidi kuwa mbali na karatasi yangu. Mpaka inafika ofisi ya ardhi, imejaa mashahidi wa mashahidi, na hakuna hata mmoja kati yao anayejua nina mikorosho.

Ilifika vipi? Kama mizigo yote ya ughaibuni inavyofika: kwa mtu anayesafiri, katikati ya dawa za presha za shangazi na viatu vya harusi ya mtu mwingine. Mdogo wangu akaipokea, akalipa ushuru wa stempu, akaifikisha dirishani. Dada karani akaikagua mbele na nyuma, akasema ni nzuri sana, lakini anahitaji nakala ya faili. Akachukua kifaa cha kutoa pini, akang'oa ule utepe wa Askofu Mkuu, akapitisha kurasa kwenye mashine ya fotokopi moja moja. Aliporudi alikaa kimya akizitazama.

"Kaka, hizi karatasi zimefunguliwa."

"Umezifungua wewe dada, sasa hivi."

"Najua. Lakini zimefunguliwa."

Sheria iko upande wa dada karani, na sina ugomvi naye. Waraka ulioshonwa ukifunguliwa, hakuna tena wa kuapa kwamba ukurasa wa pili ndio ule ule uliokuwepo mwanzo. Utepe kazi yake ndiyo hiyo. Nilichojifunza ni kwamba ulinzi wote ule wa Canterbury na Milton Keynes ulikuwa unangoja kushindwa na mashine ya fotokopi.

Sasa niulize, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu. Kiwanja chenyewe nilikilipia vipi? Nilipewa namba ya kumbukumbu ya malipo kwa ujumbe wa simu. Nikatuma fedha nikiwa kwenye basi la kwenda kazini, zikaingia kwenye simu ya mdogo wangu, naye akazilipa serikalini kwa namba ya siri yenye tarakimu nne. Tumekuwa tukiishi hivyo tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008. Serikali ilizipokea. Hakuna aliyetaka kujua fedha zile zimeshuhudiwa na nani, kama zimetoka kwa hiari yao, wala utepe wake uko wapi. Nikitoa, naaminika papo hapo. Nikitaka kupokea, ndipo inatakiwa nithibitishwe na Henry wa Nane.

Najua utakachojibu: wezi. Ni jibu zito, silipuuzi. Kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili si habari mpya Dar es Salaam, na sisi tulio mbali ndio mawindo manono, maana hatupo wa kupita hapo Jumamosi kuangalia kama kuna mtu amemwaga mchanga. Wapo wajane waliokuta nyumba zao zimeuzwa kwa hati za uwakilishi ambazo marehemu hakuwahi kuziona. Kwa hiyo ulinzi natakiwa niwe wa kwanza kuuomba. Ila hebu tuambiane ukweli. Hati ya mwizi huwa haikosi muhuri. Mwizi ndiye anayekujali kuliko mtu yeyote. Mchonga mihuri yuko barabarani na meza yake na mwavuli, wateja wake wengi ni wenye maduka na katekista wanaotaka muhuri halali wa shughuli zao, lakini hana namna ya kumtambua wakili kishoka anapokuja na mfano kwenye kipande cha karatasi. Kishoka hahitaji Canterbury. Atapata duara safi, lenye nyota mbili na tarehe katikati, na karatasi yake itapita dirishani bila utepe wa kumtia karani mashaka. Ulinzi wako unamchosha mwenye mali na kumpa mwizi kitu cha kunakili.

Na dawa ipo, tena ni ya zamani. Tarehe 5 Oktoba 1961, miezi miwili na siku nne kabla ya uhuru wa Tanganyika, ulikamilishwa mji wa The Hague, Uholanzi, mkataba wa kuondoa mlolongo huu. Walikubaliana kwamba cheti kimoja kinatosha: mraba wenye upande usiopungua sentimita 9, mistari 10 yenye namba, basi, nchi nyingine mwanachama inaheshimu. Ndicho kile kile nilichopewa Milton Keynes. Malawi wamo. Oman kilianza kufanya kazi mwaka 2012, Burundi 2015, Rwanda 2024. Hata China, ambayo hakuna aliyewahi kuilaumu kwa kulegeza utaratibu, ilianza Novemba 2023. Leo Mrundi na Mtanzania wakikaa chumba kimoja Muscat, wakatengeneza hati ya namna moja siku moja, Mrundi anamaliza na cheti kimoja, Mtanzania anaulizwa ubalozi uko mtaa gani. Sisi mpaka naandika barua hii bado hatumo. Nadhani tunangoja mwaliko uje na muhuri.

Kuna pia njia nyingine ambayo wala haihitaji Waholanzi. Jimbo la Virginia, Marekani, tangu mwaka 2012 linamruhusu mthibitishaji amshuhudie mtu kwa video. Utasema hayo ni ya Wamarekani. Sawa. Lakini mahakama zetu wenyewe zinasikiliza mashauri kwa video, na mahabusu anaongea na hakimu akiwa gerezani. Yaani mtu anaweza kunyimwa dhamana kupitia kioo, ila mimi siwezi kuonekana kwenye kioo hicho hicho nikisema: ndiyo, huyo ni mdogo wangu, mpeni hati.

Ombi langu basi, Mheshimiwa, ni kwamba upumzike. Umefanya kazi nyingi, umegongwa sana. Baki na kazi ile ya yule mzee ya kumwangalia mtu usoni na kumuuliza kama anajua anachofanya, kisha uwaachie wengine wote walioko kwenye mstari waende nyumbani mapema. Ikishindikana, basi ofisi ya ardhi ipewe mashine ya fotokopi inayoweza kunakili karatasi zilizoshonwa.

Hati mpya ya uwakilishi naiandaa. Yule mzee amenikumbuka, na ada yake imepanda.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Mwenye kiwanja (kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe)

Kiambatisho: utepe wa kijani, umefunguliwa.

Nakala: Askofu Mkuu wa Canterbury, kwa taarifa.
Mdogo wangu, kwa utekelezaji.
Mchonga mihuri wa pale kona, akae tayari.