Sifa kwa Mstari wa Kijani Usiofika

Wenye wa kuwasifu ni wengi. Mlima Meru una wapiga picha wake, ng'ombe ana wafugaji wa kumwimbia, na bwana harusi ana MC wa kulipwa. Mstari wa kijani unaotambaa kwenye kioo cha kompyuta wakati wa kunakili muvi hauna hata mmoja. Unatukanwa tu, na wanaoutukana ndio haohao wanaoukodolea macho hadi usiku wa manane. Mimi nauvulia kofia.

Hapa Usa River seva si kitu cha benki peke yake siku hizi. Ni kompyuta ya mtumba kutoka Arusha mjini, imepulizwa vumbi, ikatiwa diski mpya, ikasukumwa chini ya kabati la vyombo. Kazi yake ni kukusanya kila ambacho ukoo umerekodi, umenunua au umerushiwa, ili yeyote mwenye simu ndani ya geti afungue aangalie. Kuipata seva ni shughuli ya asubuhi moja. Kuhamia ndiko kwenye kazi, na msimamizi wa uhamisho ni mstari.

Tuanze na nasaba, kwani mheshimiwa hatambulishwi bila ukoo. Mwaka 1985 Brad Myers, aliyesoma Chuo Kikuu cha Toronto, alichapisha utafiti kuhusu alama za kuonyesha kazi imefikia asilimia ngapi. Aliwapa wanafunzi kazi za kompyuta, nyingine zikiwa na mstari na nyingine zikiwa hazina. Wengi waliutaka mstari. Tena, kama alivyokuja kueleza mwenyewe, hawakujali sana kama unasema kweli. Sijui kiongozi gani mwingine aliyechaguliwa kwa masharti mepesi namna hiyo.

Na kweli lawama kubwa ni ya uongo. Unakwambia zimebaki dakika 12. Unakwenda kuchemsha chai, unarudi unakuta zimebaki saa 9. Lakini huo si uongo, ni ukweli uliopitiliza. Mstari unachukua mzigo uliobaki na kuugawa kwa mwendo wa sasa hivi, basi. Muvi moja ya GB 2 inapita kwa kishindo. Maelfu ya picha za WhatsApp zenye uzito huohuo zinakwama mlangoni, kwa sababu kila faili lazima liandikiwe jina, tarehe na mahali pake kwenye diski kabla ya kuitwa linalofuata. Mstari haukujua kwamba kuna picha za "Asubuhi njema" mbele. Nani alijua?

Wenye haraka wana hesabu zao. TB 2 kwa waya wa USB wa zamani, unaotoa MB 30 kwa sekunde, ni saa 18 na nusu. Kwa waya wa mtandao wa gigabiti ni kama saa 5. Kwa Wi-Fi, ruta ikiwa sebuleni na seva jikoni, ukipata MB 5 kwa sekunde, ni zaidi kidogo ya siku 4 na nusu. Watakuambia nunua waya. Usiwasikilize. Hizo siku 4 na nusu ndiyo mara ya kwanza familia inatazama ilicho nacho.

Chukua video za harusi. DVD aliyokabidhi mpiga video ina mapambo ya mioyo kwenye jalada, lakini ndani hakuna jina la bibi harusi. Kuna VTS_01_1.VOB, kisha VTS_01_2.VOB, na kuendelea, kila kipande kikiwa hakizidi GB 1, kwa sababu ndivyo DVD za video zinavyopangwa dunia nzima. Harusi ya shangazi ina majina hayo. Send-off ya binti yake ina majina hayo. Kipaimara, msiba wa babu, uzinduzi wa albamu ya kwaya: hayohayo. Ukizimimina zote kwenye folda moja, mstari unafika asilimia 3, unasimama na kuuliza: lililopo lifutwe, au hili lirukwe? Kisha unangoja. Wewe umelala, wenyewe unangoja mpaka jogoo.

Watu wanauita huo ukaidi. Hebu wafikirie mfanyakazi mwepesi asiyeuliza kitu. Asubuhi ukoo mzima ungebaki na bibi harusi mmoja, yule aliyenakiliwa mwisho, na ndoa nyingine zote zingekuwa zimevunjwa na kompyuta bila hata kikao cha wazee.

Kwa kuwa mstari umeuliza, inabidi kipande kifunguliwe ili kijulikane ni cha nani. Hapo ndipo bibi anavuta kigoda.

"Rudisha nyuma kidogo, mwanangu. Huyo aliyeshika sufuria ni nani?"

"Mama mdogo huyo, bibi. Kabla hajanenepa."

"Mwache hapohapo nimwone."

Kanda za VHS nazo zina baraka zake. Huku Bara matangazo ya televisheni yalitufikia katikati ya miaka ya 1990, wakati Zanzibar walishakuwa nayo tangu miaka ya 1970. Sisi tulikuwa watu wa deki na kanda, na kanda haikimbizwi: saa 3 za picha zinaingia kwenye kompyuta kwa saa 3, upende usipende. Mstari wa kijani umerithi adabu hiyo.

Tena hauna ubaguzi. Programu za kusaka nakala pacha zinasifiwa kwa wepesi, lakini mjinga mmoja akiiachia programu ipange kwa majina ya muvi, itafuta hazina. Muvi ya Kimarekani yenyewe ni kitu kimoja. Muvi hiyohiyo ikiwa na sauti ya Lufufu, yaani Derek Mukandala, akiitafsiri, akiitania na kuwapa wahusika tabia za mitaa yetu, ni muvi nyingine kabisa. Mstari unazibeba zote mbili bila kuhoji. Hali kadhalika filamu za mwigizaji Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012: zile zilizotoka kwa sehemu ya kwanza na ya pili. Jina likipita taratibu kwenye kioo ndipo unagundua kwamba sehemu ya pili haipo, kuna mtu aliiazima, na mtu huyo unakutana naye kila Jumapili kanisani.

Halafu kuna Hatari!, ya Howard Hawks, iliyotoka 1962, John Wayne akikimbiza vifaru nyikani. Sehemu yake ilipigwa Momella, hapo juu yetu, na mwigizaji mwenzake Mjerumani, Hardy Krüger, alipapenda hata akanunua shamba. Watu wa huku huitunza kama cheti cha kuzaliwa. Kwenye mkusanyiko wa nyumba moja ninayoijua ilipita mbele ya mstari mara nne: folda ya Muvi, ya Muvi Mpya, ya Zamani, na ya USIFUTE. Kwa mwendo wa kasi asingegundua mtu. Kwa Wi-Fi ya jikoni hata majirani waligundua.

Sasa umeme. Unakatika mstari ukiwa asilimia 97, kwa kawaida. Binadamu angesusa. Mstari, umeme ukirudi na wewe ukiuanzisha tena, unaanza sifuri bila kinyongo, na kama umetumia programu ya aina ya rsync, unayaruka yaliyokwisha kufika na kuendelea na mengine. Tatizo ni faili lililokuwa njiani. Kwa njia ya kawaida ya kunakili linaweza kubaki na jina lake na alama yake, likaonekana zima, ukalifungua baada ya mwaka ukakuta harusi inaishia kabla ndafu haijaingia ukumbini.

Nami nitasema jambo ambalo wapambe wengine wangelificha: hata ukifika asilimia 100, mstari unaweza kuwa haujafika. Kompyuta hupenda kushika sehemu ya mwisho ya mzigo kwenye kumbukumbu yake ya muda kabla ya kuiandika kwenye diski yenyewe. Umeme ukikatika dakika hiyo, mia yako ni ya kinywani. Ndiyo maana watu makini, mstari ukimaliza, huendesha programu inayosoma faili la zamani na jipya, ikatoa namba ya utambulisho ya kila moja na kuzilinganisha. Nayo ina mstari wake. Unatambaa vilevile.

Basi wewe mwenye diski ya nje ya harusi kabatini, ianze jioni hii. Nakili, usihamishe, na ya zamani usiifute hata ukibembelezwa mpaka ulinganisho umekwisha. Harusi zipe majina ya wenyewe kabla hujaanza. Na pale kwenye ekstensheni ya umeme iliyobeba seva bandika karatasi kwa herufi kubwa: PASI HAPANA.