Pua Hii Si Yangu

Marehemu Edward Saidi Tingatinga alituzidi akili wachoraji wote. Alipoanza kuuza michoro yake Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, alijikita zaidi kwenye wanyama. Chui hana shemeji. Sijasikia chui aliyempigia hodi Tingatinga kulalamika kwamba madoa aliyochorwa si yake.

Mimi nachora watu, tena kwa kufuata picha, jioni nikitoka kazini. Hadibodi ni ileile na rangi ni ya mafuta ya dukani, ila watu wangu wana midomo.

Malalamiko mengi huanzia puani. Siku hizi watu hujipiga picha wenyewe, simu ikiwa imekaribia kugusa uso. Kilicho karibu na kamera hutoka kikubwa, na usoni kwa binadamu pua ndiyo iliyotangulia. Masikio yanajificha nyuma, pua inajitokeza mbele kama mgeni rasmi. Kazi yangu ni kuchora nilicholetewa: napiga miraba midogo kwa penseli juu ya picha, napiga mikubwa juu ya hadibodi, kisha nahamisha mraba mmoja mmoja. Pua ikienea miraba minne, nitajaza minne. Halafu shemeji yangu anasimama mbele ya kazi, anajipapasa, anasema, "Shem, pua hii si yangu." Simu yake imemsingizia, lawama nabeba mimi.

Picha za harusi nazo zina mambo yake. Turubai likiwa la bluu na jua likipenya, waliokaa chini yake wote hugeuka bluu. Ukiwa pale hushtuki, maana macho hulizoea jambo hilo upesi, lakini picha inalitunza. Nilimchora shangazi akiwa kwenye harusi ya bintiye, kwa uaminifu mkubwa, nikiongeza bluu kwenye kahawia mpaka ikalingana na picha. Shangazi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, "Baba, hapa bado niko hai?"

Iliyonipa sifa mtaani ni ya jirani. Aliniletea picha ya paspoti ya marehemu baba yake, bega moja limegongwa muhuri, akataka mzee aonekane amekaa kitini, mikono yote miwili juu ya mkongojo. Picha ya paspoti haina mikono. Nikaushika mpini wa fagio kwa mkono wangu wa kushoto na kuuchora kwa wa kulia. Ulipofika wakati wa mkono wa pili, kushoto ndiko kulikokuwa na nafasi tena, kwa kuwa kulia kulikuwa na brashi. Mzee, Mungu amrehemu, ana mikono miwili ya kushoto, na yote ya kijana.

Rangi ya mafuta haina haraka ya kukauka. Usiku mbu alitua kwenye shavu la mzee, akanasa, na asubuhi wenye mali walifika kabla sijaikagua kazi. Mjane alisogea, akainama, akapiga kigelegele: "Jamani, hata chunjua yake kaijua!" Nikajibu kwamba mchoraji lazima awe na jicho. Picha imetundikwa sebuleni, wageni wanaonyeshwa ile chunjua, na mikono hakuna aliyeiuliza.

Basi nawe ukitaka nikuchore, karibu. Mpe mtu mwingine simu, arudi nyuma hatua kadhaa, akupige nje, mchana, pasipo turubai, mikono yote ikionekana. Na usicheke, tafadhali. Ukicheka bei inapanda, kwa sababu meno yanachosha kuyachora na sijawahi kuona mteja aliyeyakubali.