Baiskeli, Mwana wa Pikipiki

Wanabodaboda wa hapa Chakol walimwomba mpwa wangu awaandikie programu ya kuweka hesabu ya safari na michango. Akaunda klasi ya Pikipiki: namba ya usajili, bima, helmeti, petroli ya siku. Alipowakumbuka wazee wa baiskeli, saa nne za usiku, akaona njia ya mkato: Baiskeli irithi Pikipiki. Klasi inayorithi hupata vyote vya mzazi wake bila kuandikwa upya. Vyote, ndiyo balaa.

Asubuhi, programu ikamwuliza mzee mmoja wa steji ametia petroli lita ngapi. Akajibu sufuri. Ikamfungia.

"Mzee, tatizo ni kwamba baiskeli yako imerithi pikipiki," mpwa akaeleza.

"Imerithi nani? Kijana, watu walivushwa mpaka pale Busia kwa baiskeli tangu miaka ya 1960. Pikipiki ilikuwa wapi? Leo mjukuu anamzaa babu? Tena tangu lini mtu akamrithi mzazi aliye hai?"

Nikajaribu kumtetea mpwa. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norwe, waliouingiza urithi huu katika lugha ya Simula 67, walikuwa na mfano wa daraja lenye kibanda cha ushuru na foleni ya malori na mabasi: yote magari, kila aina na nyongeza yake. Mpakani Malaba tupu! Ila nadhani foleni yao ilisogea.

Mzee hakutaka habari za Norwe. Ikabidi ukoo upangwe upya: mzazi akawa Chombo, asiye na tangi wala bima, na Baiskeli na Pikipiki wakawa ndugu. Mzee akaridhia, kwa sharti kwamba baiskeli iandikwe kifungua mimba.

Kisha akaja mwenye tuktuk. Hendeli za pikipiki, paa la gari. Lugha ya Java ingemfukuza, maana kwake klasi hurithi mzazi mmoja tu. Python huruhusu hata wawili au zaidi, na wakikosana husikilizwa aliyetajwa kwanza. Mpwa akamtanguliza Pikipiki, ambaye kisheria hubeba abiria mmoja.

Siku ya soko tuktuk ikafika na akina mama watatu. Wa kwanza akaandikwa abiria. Wenzake wawili, mzigo. Dereva akaanza kuomba radhi, lakini mama mwenye gunia la omena akamkatiza kuuliza nauli ya mzigo ni ngapi. Alipotajiwa, akamgeukia mwenzake:

"Nyamaza, dada. Sisi ni mzigo."