Kutoka 9 Hadi Tik: Yanayokungoja Ukifungua Saa Kuukuu

Kila nyumba ina droo yake. Ndani mna betri zilizokwisha, funguo za kufuli lililopotea zamani, risiti zilizofifia, na saa iliyosimama. Ya kwetu ilikuwa Seiko 5 ya baba, imegota saa nne na dakika kumi na saba, na watu nyumbani waliisema kama wanavyomsema marehemu: "Ilikuwa saa nzuri ile."

Wenye droo, nisikilizeni. Saa nyingi za aina hiyo nilizozifungua hazikuwa zimevunjika kitu. Zilikuwa chafu, na mafuta yake yamegeuka gundi. Tuhesabu basi kinyumenyume. Tukifika moja, iwe inalia.

9. Bisibisi inatangulia saa

Mwenye hamu hukimbilia kununua saa. Nunua bisibisi kwanza. Zinatakiwa zenye ncha za kuanzia milimita 0.8 hadi 2 hivi, kibano kisicho na sumaku, na lenzi ya kubana jichoni. Ncha iliyolika huteleza, ikiteleza hukwaruza, na mkwaruzo hauna msamaha. Bisibisi ya redio iachie redio. Halafu jifunzie kwenye saa ambayo hakuna atakayeililia. Saa ya baba yangu ilikuwa ya nne mezani, wala haikuona vibaya kupanga foleni.

8. Mgongoni kuna cheti cha kuzaliwa

Geuza Seiko ya zamani, utaona namba ya mfululizo. Tarakimu ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Oktoba, Novemba na Desemba, kwa kuwa zina tarakimu mbili, zimepewa herufi O, N na D. Ya baba inaanza na 8N, yaani Novemba ya mwaka unaoishia na 8. Sasa ni 1978 au 1988? Namba haisemi muongo. Hapo ndipo kiwanda kinapomaliza kazi yake na ukoo unapoanza yake. Mjomba alishikilia 78 kwa sauti kubwa. Mama alikata kesi akiwa anachambua mchele: "Aliyeileta ni kaka yangu mwingine, na alirudi kutoka Muscat mwaka 89, nikiwa na mimba yako." Kesi imefungwa, mjomba alipe chai.

Ndiyo maana kidirisha cha siku kina Kiingereza na Kiarabu. Seiko nyingi zilizouzwa Ghuba zina majina 14 ya siku kwenye kisahani kimoja, na mvaaji anachagua lugha yake. Saa yenye lugha mbili katika nyumba yenye lugha tatu: ilifika kwao.

7. Mbuzi wa kamba

Kabla ya kufungua chochote, ondoa nguvu iliyomo kwenye springi kuu. Springi iliyojaa ni mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Ukikata kamba ghafla, atapita juu ya meza na vyombo vyote, na meno ya magurudumu madogo ndiyo yatakayolipa. Mlegeze polepole, na kama saa hujazwa kwa kichwa cha kuzungushia, huku umekishika. Na jambo moja la kukuokoa: katika mashine nyingi za saa kuna skurubu moja, ile ya gurudumu la kujazia, inayofunguka kinyume na wenzake. Ikikukatalia, usiongeze nguvu. Badili upande. (Ushauri huu umeniokoa hata nje ya saa.)

6. Imeruka!

Kila anayeshika kibano ana siku yake. Juu ya mhimili wa gurudumu linalopepea, lile ambalo mafundi huliita balansi, kuna kijiwe kilichoshikwa na springi ndogo yenye umbo la ua. Kazi yake ni kupokea mshtuko saa inapogongwa. Ua hilo ni dogo kuliko punje ya ufuta, na likiponyoka haliagi.

Dawa yake ni mfuko wa nailoni unaoonyesha ndani. Ingiza mashine na mikono yako ndani ya mfuko, kisha fungua. Litaruka, litagonga nailoni, litatulia. Na kama limekwisha kuruka nje, zima taa zote, laza tochi sakafuni, mulika kwa ubavu: kila chembe hutoa kivuli kirefu kuliko yenyewe. Mimi hufanyia kazi juu ya shuka jeupe lililochomekwa kiunoni kama aproni. Mama aliniuliza kama nazaa au natengeneza saa. Nikamwambia subiri, utasikia kitoto kikilia.

5. Wanaoitia saa ufunguo bila kujua

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo mapenzi yangu yalipo. Mashine ya baba ni 7009, yenye mawe 17. Huwezi kuijaza kwa kichwa cha pembeni. Kichwa hicho, kilichojificha upande wa 4, hurekebisha tu. Inajazwa na mwili wa mvaaji. Nyuma kuna uzito wa nusu duara unaozunguka kila mkono unapocheza, na chini yake kuna kipande cha chuma chenye mikono miwili, ambacho Seiko walikiita Magic Lever na kukitia katika saa zao tangu 1959. Uzito ukizunguka kulia, mkono mmoja unavuta jino la gurudumu. Ukizunguka kushoto, mwenzake anasukuma. Kwenda na kurudi, hakuna mwendo unaopotea, na kazi yote hiyo inafanywa na kibati unachoweza kukipuliza kwa pumzi.

Fikiria basi. Mwalimu anayeandika ubaoni, mama anayekuna nazi, kondakta anayepiga bodi la daladala: wote wanaitia saa ufunguo mchana kutwa, na hakuna aliyewashukuru. Baba alikuwa fundi cherehani. Saa yake haikupata kusinzia hata siku za sikukuu. Hizo ndizo zilizokuwa na kazi nyingi zaidi.

4. Josho

Mashine ikishafunguka vipandevipande, inaogeshwa. Petroli ya kujazia viberiti huyeyusha mafuta yaliyoganda. Dirisha wazi, moto mbali, na mvuta sigara aende kwa jirani. Chonga kijiti kiwe kikali, kizungushe ndani ya kila tundu la jiwe, chonga tena, zungusha tena, mpaka kitoke kikiwa cheupe. Angalizo kubwa: kuna uma mdogo wenye vijiwe viwili, usiuloweke kwenye spiriti. Vijiwe vyake vimegandishwa kwa laki, na spiriti huyeyusha laki. Utatoa uma safi kabisa, na vijiwe vimehama.

Mawe yenyewe ni rubi ya kutengenezwa, inayopikwa kwa njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902. Yamewekwa kwa ugumu wake, ili mihimili isile matundu. Akitokea muuzaji anayekuambia "hii ina almasi 17", mpe shikamoo yake uendelee na safari.

3. Ulipopaacha pakavu

Pembezoni mwa soko ninaloenda kuna mzee fundi mwenye kijisanduku cha kioo na kiti kimoja cha mteja. Siku moja nilimkuta akimhoji mwanafunzi wake.

"Umetia mafuta?"

"Nimetia, mzee. Kila mahali."

"Kila mahali? Basi hujaitengeneza, kijana wangu. Umeikaanga."

Sijasikia somo la saa lililo bora kuliko hilo. Tone linalotakiwa hulioni vizuri bila lenzi. Mihimili ya magurudumu hupata kidogo. Mihimili ya ule uma, katika saa nyingi, haipati kabisa. Springi nyembamba ya balansi, iliyo kama unywele uliojiviringa, ikiguswa na mafuta mizunguko yake hushikana na saa hukimbia kama inadaiwa. Sumaku hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo saa ikianza ghafla kujipa dakika nyingi kwa siku, angalia kwanza imelala karibu na spika gani. Na mafuta ya cherehani, kwa heshima zote za baba yangu, yabaki kwenye cherehani.

2. Uso usiupake poda

Kuna watu wanaoifanya saa kuukuu iwe mpya: uso unapakwa rangi upya, maandishi yanachapwa upya, kasha linasuguliwa mpaka kingo zake zinayeyuka. Inang'aa. Lakini haimjui tena aliyeivaa. Msimamo wangu ni mmoja: ndani iwe safi kama siku ilipozaliwa, nje ibaki na umri wake. Uso wa ya baba umegeuka rangi ya chai ya maziwa upande mmoja. Nimeubadilishia kioo tu.

Na saa za kale kweli, zile za nusu ya kwanza ya karne iliyopita zenye namba zilizokuwa zikiwaka gizani, usizikwangue kabisa. Nyingi zilipakwa radiamu. Mwanga umekwisha, radiamu haijaisha. Hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi. Wasichana waliopaka nyuso hizo viwandani Marekani, wakinyoosha brashi kwa midomo, waliugua na wengi wakafa. Hiyo ifunge, uiweke mbali na watoto.

1. Tik

Umerudisha magurudumu, daraja, uma. Umegeuza skurubu ya gurudumu la springi mara chache kwa bisibisi, nguvu imeingia. Sasa unashusha balansi mahali pake, pumzi umeizuia, mhimili unatafuta tundu lake. Hauonekani kuingia. Kisha unaingia, na gurudumu lililolala miaka kumi na moja linaanza kupepea kabla hujafunga hata skurubu. Mara sita kwa sekunde. 21,600 kwa saa. Kufika kesho wakati kama huu, 518,400.

Niliweka mishale kwenye 7 na dakika tano, siku nikaizungusha mpaka Kiarabu, kama alivyoipenda baba. Mama alikuja akijifuta mikono.

"Saa ngapi, mwanangu?"

"Saa moja na dakika tano, mama."

Nilimpa aone mwenyewe. Hakuitazama. Aliiweka sikioni, akafumba macho, akasimama hapo mlangoni muda mrefu.