Mchele Umekwenda Dar

Ukikulia Uchindile, hulelewi na habari za Dar es Salaam. Kule juu kwenye baridi, ukungu na misindano, mji ni Ifakara. Waliobahatika kushuka na treni ya TAZARA walirudi na baiskeli, makubazi mapya na hadithi za wali. Sisi tulikuwa watu wa mahindi. Mchele ulipanda mlima kwa Krismasi na kwa harusi. Kwa hiyo mkinisikia nikiisema Ifakara, jueni anayesema ni mtu aliyeipenda kabla hajaiona.

Kisha nikaoa Kyela. Nyumba ya namna hiyo haina amani wali ukipakuliwa. Mimi nasema Kilombero, mama watoto anasema Kyela, na kila anayekuja kututembelea anageuzwa hakimu kabla hajanawa mikono. Desemba hii, tulipokuwa tunakwenda na watoto kumsalimia bibi yao Uchindile, nikatangaza kwamba kesi itamalizwa Ifakara, kwenye chimbuko la mchele wenyewe wa Kilombero.

Ndiyo maana njia nzima kutoka Dar sikuruhusu mtu kula. Mikumi tulikunja kushoto huku mahindi ya kuchoma yakinukia dirishani, nikakaza mguu. Kidatu tukapita miwa, Mang'ula nikazipita ndizi nzuri zimepangwa barabarani, milima ya Udzungwa kulia kwetu na manung'uniko kiti cha nyuma.

Ifakara ikatupokea kwa joto, bajaji na baiskeli zinazokatiza barabara bila kuangalia nyuma. Watoto wakadai viboko kwanza. Haya, nikageuza kuelekea Daraja la Magufuli, ingawa si njia yetu, maana linakwenda Mahenge. Nikawapa somo: mita 384, limezinduliwa 2018, zamani hapa tulivuka kwa pantoni. Wakaukodolea macho mto Kilombero. Kiboko hakutokea. Alitokea kijana anaosha pikipiki.

"Baba, hata kwetu Mbezi wanaosha pikipiki," akasema Neema.

Tukaenda kula. Hoteli ilikuwa na ubao nje, neno WALI limeandikwa kwa chaki kubwa. Dada akaja akifuta meza kwa kitambaa kilichoongeza uchafu. "Karibuni. Kuna chipsi kavu, chipsi mayai na ugali."

"Na wali?"

"Wali mtasubiri."

"Kambale je? Perege?"

"Kuna kuku wa kisasa."

Nikameza mate. Yaani mtu utoke Dar, upite kwenye mbuga, ufike bonde la mto wenye samaki kedekede, uletewe paja la kuku aliyekulia bandani kama yule wa jirani yako! Tukasubiri. Wakati tunasubiri nikawaeleza watoto kwamba mbegu ya mpunga ya Saro 5, inayolimwa sasa karibu kila kona ya nchi, imetoka kwa watafiti wa kituo cha KATRIN, hapa hapa Ifakara. Mdogo akauliza kama watafiti nao wanakula chipsi.

Wali ukaja. Nikiri haki yake: ulinukia, punje ndefu, kila moja imesimama peke yake. Nikaegemea kiti. Mama Neema akachukua punje chache kwa ncha ya kidole, akaziangalia kama sonara. Akala kijiko. Akala cha pili. Halafu akamwita mama wa jikoni.

"Mama, samahani. Mchele huu wa wapi?"

"Huu wa Mbeya, mwanangu. Wa hapa sasa hivi ghali, waliuza wote kwenye mavuno, fuso zikaupeleka Dar. Saa hizi watu ndiyo kwanza wanalima."

"Mbeya sehemu gani?"

"Kyela."

Sitaki kumlaumu mkulima. Ana deni la trekta, ana ada za watoto, na mnunuzi anamtokea shambani na noti mkononi bei ikiwa chini kabisa. Atauza tu. Lakini dukani kwetu Mbezi lipo gunia wazi lenye kibao cha "Mchele wa Kilombero". Ningekaa nyumbani ningeshinda kesi kwa mwendo wa dakika tano, tena kwa miguu, bila mafuta na bila matuta.

Mke wangu alishapiga simu. "Mama, shikamoo! Tupo Ifakara, tunakula wali wa nyumbani!" Akacheka mpaka meza za jirani zikageuka. Watoto, wasaliti, wakaomba kuongezewa.

Nikaenda kulipa niondoke mjini pale kabla bibi wa Kyela hajaomba kuongea na mimi. Nikatoa noti za elfu kumi kumi. Mama akafungua droo, akafunga, akapapasa mifuko ya aproni.

"Chenji sina, baba. Nikupimie mchele?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Mama Neema alishashika mfuko, anamwambia ajaze vizuri, tunakwenda kwa mkwe wake.